Sesheni ya kurekodi ni nini hasa?

Mtu akikuambia "jana tulikuwa na sesheni", anakuambia zaidi ya kwamba aliingia studio. Sesheni ni muda uliotengwa, wenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza, ambao wanamuziki na fundi mitambo wanakutana mahali pamoja ili watoke na wimbo uliorekodiwa. Mazoezi siyo sesheni, hata yakifanyika studio, wala shoo siyo sesheni hata ikirekodiwa. Ndani ya sesheni kila jaribio la kupiga wimbo mzima huitwa teki, na wimbo mmoja unaweza kula teki moja au ishirini.

Njia nzuri ya kuielewa ni kuitazama siku moja, Jumatatu ya tarehe 11 Februari 1963, katika studio za EMI, mtaa wa Abbey Road, London. Vijana wanne wa Liverpool, The Beatles, walikuwa na santuri mbili ndogo tu sokoni, na prodyuza wao George Martin alitaka albamu haraka. Sesheni za Uingereza wakati huo zilihesabiwa kwa saa tatu tatu, kwa makubaliano na chama cha wanamuziki. Siku ile zilifanyika tatu: asubuhi, alasiri na usiku.

Walianza saa 4 asubuhi. Ulipofika muda wa chakula cha mchana, George Martin na mafundi wake walitoka kwenda kula, vijana wakabaki studio wakinywa maziwa na kuendelea na mazoezi. Hadi saa 5 kasorobo usiku walikuwa wamekamilisha nyimbo kumi, ambazo pamoja na nne za santuri zile mbili zilitosha albamu yenye nyimbo kumi na nne. Iliingia madukani tarehe 22 Machi mwaka huohuo.

Waliweza kwa sababu hawakuja kutunga. Nyingi ya nyimbo zile walikuwa wamezipiga usiku baada ya usiku katika vilabu vya Liverpool na Hamburg, vidole vyao vilizijua. Mtambo nao haukuwaruhusu kubembeleza: tepu ilikuwa na treki mbili tu, yaani njia mbili za kuwekea sauti, vyombo upande mmoja na sauti za waimbaji upande mwingine. Kwa hiyo walipiga na kuimba kwa pamoja, na anayekosea huwarudisha wenzake wote mwanzo. Ujanja mdogo ulikuwepo, kwa kukata na kuunga tepu. Ile hesabu ya "moja, mbili, tatu, nne" inayofungua albamu ilitoka teki ya tisa, ikaungwa mbele ya teki ya kwanza, ambayo ndiyo iliyopigwa vizuri zaidi.

Wimbo mmoja waliuweka mwisho kabisa kwa makusudi, "Twist and Shout". John Lennon alikuwa na mafua tangu asubuhi, na kila mtu mle ndani alijua kwamba wimbo ule wa kupiga kelele ungemmaliza koo. Akauimba teki moja. Wakajaribu ya pili, sauti ikawa imekwisha. Tunachokisikia mpaka leo ni ile teki ya kwanza, na mkwaruzo ule ni koo la mtu aliyeimba kutwa nzima. Kwangu mimi hakuna mfano unaoieleza sesheni kuliko huo, maana saa, uchovu na chumba vimeingia ndani ya wimbo na havitoki.

Sesheni nyingine huzaa kitu ambacho hakikupangwa. Tarehe 5 Julai 1954, mjini Memphis, Marekani, Sam Phillips, prodyuza mwenye studio, alimwita kijana wa miaka 19, Elvis Presley, pamoja na mpiga gitaa Scotty Moore na mpiga besi Bill Black. Walijaribu nyimbo za taratibu, hazikuwaka. Ni wakati wa mapumziko ambapo Elvis alianza kuuchezea wimbo wa Arthur Crudup, "That's All Right", akirukaruka, na wenzake wakamfuata. Phillips akatoka kwenye chumba cha mitambo kuuliza wanafanya nini, kisha akawaambia waanze upya ili aunase. Hapakuwa na ngoma hata moja, na ndiyo santuri yake ya kwanza.

Sehemu yenyewe si lazima iwe studio. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alifika na mitambo yake Jadotville, mji wa Katanga, Kongo, ambao leo ni Likasi, akamrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco na gitaa lake kavu. "Masanga" ilitoka katika kazi hiyo, na nyimbo nyingi za Mwenda ni za Kiswahili. Hapo sesheni ndiyo iliyomfuata mwanamuziki.

Muda nao ulilegea. Treki zilipoongezeka, The Beatles haohao walikaa studio kuanzia Novemba 1966 hadi Aprili 1967 kwa albamu moja, "Sgt. Pepper". Neno sesheni likabaki, ila sasa lilimaanisha siku moja kati ya nyingi, pengine ya kuongeza tarumbeta tu.

Leo hata watu wamejitenga. Prodyuza anatengeneza biti peke yake, msanii anakuja kuingiza sauti, na wa kolabo anatuma vesi yake kwa simu kutoka nchi nyingine. Bado tunaiita sesheni, na si kosa. Ila ukisoma kwamba wimbo wa zamani "ulirekodiwa katika sesheni moja", usiichukulie kwa maana hii ya leo.

Ichukulie kwa maana ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako kwa miaka mingi bendi zetu za dansi ziliingia na watu wao wote, magitaa, tarumbeta na tumba, zikapiga pamoja kama ukumbini. Sikiliza wimbo ukishafika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho yenye kasi: mwimbaji anamwita mpiga solo kwa jina, na gitaa linaitika papo hapo. Anamwita kwa sababu amesimama hatua chache kutoka kwake na anamwona.