Jinsi kemikali za ugwe mgongo zinavyoongoza mwendo wa mnyama

Kuku akishachinjwa hurusha miguu na kupigapiga mabawa kwa muda, hata kama kichwa kimetengana na mwili kabisa. Ubongo hauhusiki tena hapo. Kinachoendesha ile miguu ni ugwe mgongo, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo. Ndani yake kuna mitandao ya seli inayotunga mwendo wa kupokezana bila kuelekezwa hatua kwa hatua. Mwaka 1911 mtafiti Mskoti Thomas Graham Brown alilionyesha hilo kwa paka: alikata ugwe mgongo ili amri za ubongo zisifike, akakata na neva zinazoleta hisia kutoka mguuni, na bado misuli ya kukunja na ya kunyoosha ikaendelea kupeana zamu.

Zamu hizo hupangwa kwa kemikali. Zimechunguzwa vizuri sana kwa kiluwiluwi wa Xenopus laevis, chura wa kusini mwa Afrika mwenye kucha miguuni. Mguse akiwa bado mdogo kabisa, ataogelea: mwili unapinda upande huu, kisha ule, mara 10 hadi 25 kwa sekunde. Seli za upande mmoja huchocheana kwa glutameti, kemikali ya kusisimua. Papo hapo seli nyingine hupeleka glaisini, kemikali ya kutuliza, upande wa pili na kuuzuia usisisimke. Bila glaisini nguvu ipo, ila zamu hakuna. Ndivyo inavyoua striknini, sumu iliyotumika sana kwa panya: huzuia glaisini isifanye kazi, na mnyama hukakamaa kwa kuwa misuli inayopingana inavuta kwa pamoja.

Serotonini, kemikali nyingine ya neva, kazi yake ni kurekebisha mwendo. Kwa lamprei, samaki asiye na taya, hupunguza njia ambazo potasiamu hupitia kutoka nje ya seli, hivyo seli huchelewa kutulia, kila mkupuo wa ishara za neva hurefuka na uogeleaji hupungua kasi.

Kwangu mimi linalovutia zaidi ni namna mwendo unavyojisimamisha. Mwaka 1996 Nicholas Dale na Debbie Gilday walieleza kwamba kiluwiluwi anapoogelea, ugwe mgongo wake humwaga ATP nje ya seli. ATP, ambayo wengi tunaijua kama nishati ya mwili tu, hapo hugeuka ujumbe wa kusisimua. Lakini vimeng'enya huimega na kupata adenosini, nayo hupunguza kalsiamu inayoingia kwenye seli. Kadiri adenosini inavyozidi, mapigo ya kuogelea hupungua hadi mnyama akasimama. (Ni adenosini hiihii inayoleta usingizi kichwani, na ambayo kafeini ya kahawa huizuia.) Yaani kinachochochea mwendo ndicho kinachozaa breki yake.

Ujuzi huu umefika kwenye tiba, ingawa kwa kusuasua. Mwaka 1973 Hans Forssberg na Sten Grillner waliwapa klonidini paka waliokatwa ugwe mgongo. Dawa hiyo, inayojulikana zaidi kwa kushusha presha, huiga noradrenalini, kemikali nyingine ya neva, na paka wale walitembea kwa miguu ya nyuma juu ya mkanda unaozunguka. Watu walioumia mgongo nao wamejaribiwa, lakini manufaa hayakuwa makubwa kama kwa paka, huenda kwa sababu hatua za binadamu hutegemea mno amri za ubongo.