Wanafunzi Wayahudi kwenye vyuo vya Marekani: yasemwayo na yalivyo

Kijana wa kwetu akipata nafasi ya kusoma Marekani, huondoka na picha ya Myahudi aliyoichota kwenye Biblia au Kurani, kwenye taarifa za habari za vita vya Gaza, na kwenye video za mitandaoni. Akifika anapangiwa chumba bwenini na mtu ambaye Ijumaa jioni huzima simu mpaka Jumamosi usiku. Au na mwingine ambaye hasali kabisa, anakula chochote, lakini ukimuuliza yeye ni nani atakujibu bila kusita kuwa ni Myahudi. Ile picha haimsaidii kumwelewa hata mmoja wao. Kwa Kiswahili maelezo kuhusu watu hawa ni machache na uvumi ni mwingi, na uvumi juu ya Wayahudi umewahi kuua watu. Ndiyo maana naona suala hili linastahili kuandikwa kwa makini.

"Vyuo vikubwa vimekuwa mikononi mwao tangu zamani"

Hii naisikia mara nyingi kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na historia.

Watoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Urusi na Ulaya Mashariki walianza kumiminika vyuoni mwanzoni mwa karne ya 20. Mjini New York wengi waliingia City College kwa sababu haikutoza ada. Waliojaribu vyuo vya matajiri wakafanikiwa kwenye mitihani, na hapo ndipo palipozuka shida. Mwaka 1922 Wayahudi walikuwa zaidi ya mmoja kati ya kila watano wa mwaka wa kwanza pale Harvard. Rais wa chuo, Abbott Lawrence Lowell, akapendekeza wasizidi asilimia 15. Walimu walikataa kuweka kikomo waziwazi, lakini lengo lenyewe lilipita kwa mlango wa nyuma. Fomu za maombi zikaanza kuuliza dini, jina la ukoo wa mama kabla hajaolewa, na kama jina la mwombaji au la baba yake liliwahi kubadilishwa. Picha ikadaiwa. Zikaja alama za "tabia" na "haiba", zisizopimika kwa mtihani wowote. Idadi ya Wayahudi ikashuka bila sheria yoyote iliyotamka neno Myahudi. Columbia walikuwa wametangulia kwenye njia hiyo, na Yale waliifuata kwa miongo kadhaa.

Si habari za kale tu. Oktoba 2022 Chuo Kikuu cha Stanford kiliomba radhi hadharani baada ya uchunguzi wa chuo chenyewe kuonyesha kuwa katika miaka ya 1950 ofisi ya udahili ilibana waombaji Wayahudi. Mbinu ilikuwa rahisi: kupunguza wanafunzi kutoka shule mbili za sekondari za eneo la Los Angeles, Beverly Hills na Fairfax, zilizojulikana kuwa na Wayahudi wengi. Kwa miaka mingi chuo kilikuwa kikikanusha.

Na aliyefaulu kuingia hakuwa ameshamaliza safari. Vyama vya udugu vya wanafunzi, ambavyo huko ndivyo hutoa nyumba za kuishi, marafiki na baadaye kazi, havikumpokea. Vyama vya udugu vya Kiyahudi vinavyoonekana leo, kama Zeta Beta Tau cha 1898 na Alpha Epsilon Pi cha 1913, au kile cha wasichana, Alpha Epsilon Phi, kilichoanzia chuo cha Barnard mwaka 1909, vilizaliwa katika mazingira hayo ya kufungiwa nje. Anayevitazama sasa na kusema "wanajitenga" anapaswa kwanza kuuliza ni nani aliyeanza kutenga. Mwaka 1948 jumuiya ya Kiyahudi ilifungua chuo kikuu chake karibu na Boston, Brandeis, kwa jina la Myahudi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Kilipokea mwanafunzi wa dini yoyote tangu siku ya kwanza.

"Hillel ni sinagogi ya chuo, na mgeni haruhusiwi"

Karibu kila chuo kikubwa cha Marekani kina jengo au ofisi yenye jina Hillel. Watu hupita mbele yake miaka minne wakidhani ni nyumba ya ibada ya kufungwa.

Hillel ya kwanza ilianza 1923 katika Chuo Kikuu cha Illinois, eneo la Champaign, tena kwa msukumo wa Mkristo. Edward Chauncey Baldwin alikuwa akifundisha Biblia kama fasihi, akasikitika kuona wanafunzi wake Wayahudi hawajui urithi wao wenyewe, akawahimiza wakubwa wa jumuiya wafanye jambo. Kijana mmoja rabi, Benjamin Frankel, ndiye aliyeianzisha, na haikuchukua muda shirika la Kiyahudi la B'nai B'rith likaibeba na kuieneza. Jina ni la mwalimu wa kale wa Yerusalemu ambaye, alipoombwa afundishe Torati yote wakati muulizaji amesimama kwa mguu mmoja, alijibu kwamba usimtendee mwenzako unachokichukia, mengine yote ni ufafanuzi, nenda ukasome. Leo Hillel ipo kwenye kampasi zaidi ya 800 duniani.

Ndani yake ibada ni sehemu ndogo. Kuna meza za kusomea, kahawa, vikundi vya kujitolea, mshauri wa kuzungumza naye mambo yakikulemea. Ijumaa jioni kwenye Hillel kubwa utakuta ibada mbili au tatu kwa wakati mmoja katika vyumba tofauti, kila moja ya mkondo wake wa dini ya Kiyahudi: ya Kiorthodoksi, washika sheria kwa ukali, wanaume na wanawake wakiwa wametenganishwa na pazia, ya Kikonsavativu, walio katikati, wamechanganyika, ya Kireformu, walio huru zaidi, yenye gitaa. Wakimaliza, wote huteremka kula ukumbi mmoja. Mimi naona hapo ndipo ilipo nguvu ya nyumba hizi. Watu wasioweza kusali pamoja wanakula pamoja kila wiki, na mgeni asiye Myahudi aliyealikwa na rafiki anapewa kiti kama wengine.

Watu huichanganya Hillel na Chabad, nayo ni kitu kingine. Chabad ni harakati ya Kihasidi, yaani tawi moja la Waorthodoksi, na nyumba yake ya kwanza ya wanafunzi ilifunguliwa mwaka 1969 karibu na chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles. Hapo hakuna ofisi. Kuna rabi, mkewe na watoto wao, wanaoishi jirani na chuo na kuacha mlango wazi. Mwenye nyumba anashika sheria zote, mgeni hahojiwi anashika ngapi. Wanafunzi wengi huenda wiki hii kwa hawa, wiki ijayo kwa wale.

"Kosheri ni chakula kilichoombewa na rabi"

Hapana dua inayogeuza chakula kuwa kosheri. Ni sheria za mnyama gani, amechinjwaje, na vyombo vimegusa nini. Msomaji wa pwani ataona haraka panapofanana na halali: nguruwe hapana, damu hapana, koo hukatwa kwa kisu kikali. Panapotofautiana pia ataona. Ngamia ni halali lakini si kosheri. Pweza, ngisi, kamba na kaa vyote vimekatazwa, kwa sababu kiumbe wa majini lazima awe na mapezi na magamba. Nyama haichanganywi na maziwa, kwa hiyo pilau ya nyama na mtindi pembeni haipiti. Tui la nazi halina tatizo, maana halikutoka kwa mnyama.

Jikoni kwenye bwalo la kosheri kuna seti mbili za kila kitu, sufuria, visu, sahani na masinki, moja ya nyama na nyingine ya maziwa. Kuna msimamizi aliyeajiriwa kuangalia tu. Yai hupasuliwa kwanza kwenye glasi, likionekana tone la damu linatupwa, ndipo la pili lipasuliwe. Saladi huoshwa jani moja moja, kisha majani huinuliwa mbele ya taa kutafuta wadudu wadogo, kwani mdudu mmoja hufanya sahani nzima isilike. Kazi hii ni ya kila siku, na ndiyo inayopandisha bei ya chakula hicho.

Pasaka ya Kiyahudi inapofika, kwa kawaida mwezi Aprili mitihani ikikaribia, chochote kilichochachuka huondolewa kwa siku nane: mkate, tambi, biskuti, bia. Wenye asili ya Ulaya Mashariki wameongeza desturi ya kutokula mchele, mahindi wala kunde, yaani wali na maharage navyo havipo. Wenye asili ya Iraki au Uajemi hawakuwa na desturi hiyo kwa namna ile ile, wengi wao hula wali. Wanafunzi wawili wa dini moja, meza moja, mmoja anakula na mwingine anapisha sahani.

Kufanana huku kwa halali na kosheri kumezaa ushirikiano ambao hautajwi vya kutosha. Mwaka 2001 Mount Holyoke, chuo cha wanawake huko Massachusetts, na Dartmouth huko New Hampshire, vyote vilifungua mabwalo ya kosheri na halali mahali pamoja. Kwenye vyuo visivyo na halali, wanafunzi Waislamu wengi hula nyama ya kosheri.

"Sabato ni siku ya mapumziko tu, wanaweza kuruka"

Wasomaji Waadventista hawahitaji kuelezwa uchungu wa mtihani wa Jumamosi. Kwa Myahudi mshika dini saa huanza kuhesabiwa mapema zaidi: mishumaa huwashwa yapata dakika 18 kabla jua halijazama Ijumaa. Mwezi Desemba mjini Boston jua huzama kama saa kumi na robo jioni, na kipindi cha maabara huenda kinaisha saa kumi na moja. Kuanzia hapo mpaka nyota zitoke Jumamosi haandiki, hawashi taa, hatumii umeme. Mlango wa bweni unaofunguka kwa kadi ya kielektroniki nao unakuwa kizuizi, na mara nyingi anasubiri mtu apite ili aingie naye. Vyuo vingine hutoa ufunguo wa kawaida kwa wanaoomba.

Yom Kipuri, siku ya kufunga saa 25 bila chakula wala maji, huangukia Septemba au Oktoba, katikati ya muhula. Hata Wayahudi wasioshika kingine chochote wengi huishika hiyo. Mwanafunzi akimwandikia profesa mapema kuomba tarehe nyingine ya mtihani, huo si uvivu.

"Myahudi ni mzungu mwenye dini"

Utafiti wa kituo cha Pew cha Marekani wa mwaka 2020 ulihesabu Wayahudi milioni 7.5 nchini humo, na Wayahudi wazima walikuwa asilimia 2.4 ya watu wazima wote wa nchi. Asilimia 27 ya Wayahudi hao wazima walisema hawana dini. Wao ni Wayahudi kwa ukoo, kwa utamaduni, kwa familia. Asilimia 9 tu ndio Waorthodoksi. Kwa hiyo yule mwenzako asiyesali si Myahudi bandia.

Kuhusu rangi, asilimia 92 walijitambulisha kuwa weupe, na waliobaki ni watu wasiopaswa kusahauliwa. Los Angeles imejaa familia zilizotoka Uajemi baada ya mapinduzi ya 1979, na watoto wao wako UCLA. Wako Wayahudi weusi, wenye asili ya Ethiopia, waliozaliwa ndoa mchanganyiko, walioongoka. Na sisi tunao majirani: Abayudaya wa Mbale, mashariki ya Uganda, waliofuata njia aliyoianzisha Semei Kakungulu mwaka 1919, wakapigwa marufuku na Idi Amin, wakaendelea kusali kwa siri. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alisomea urabi Los Angeles, akawekwa wakfu mwaka 2008, akarudi nyumbani kuongoza watu wake, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge. Mtu mweusi akiingia Hillel na kuulizwa "wewe umekuja na nani?" anaumia kwa haki, na lawama hii Wayahudi wa Marekani wenyewe wanaijadili.

"Wote wana msimamo mmoja kuhusu Israeli"

Desemba 2013 wanafunzi wa Hillel ya chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, walitangaza kuwa hawatafuata kanuni za makao makuu kuhusu wasemaji gani waalikwe kuzungumzia Israeli. Mwaka 2015 waliacha jina la Hillel kabisa. Mvutano huo ulikuwepo zamani, na baada ya shambulio la Hamas dhidi ya Israeli la 7 Oktoba 2023 umekuwa mkali na wenye machozi.

Pale Columbia, Aprili 2024, kulikuwa na kambi ya mahema ya wanaopinga vita. Rabi mmoja aliyekuwa akihudumia wanafunzi Waorthodoksi aliwaandikia akiwashauri warudi nyumbani kwa kuwa hawakuwa salama. Siku moja baadaye, Pasaka ilipoingia, wanafunzi wengine Wayahudi walikaa kwenye nyasi ndani ya kambi ile ile wakila mlo wa Pasaka na kusoma habari za kutoka Misri. Woga wa wale wa kwanza ulikuwa wa kweli, na dhamiri ya wale wa pili pia. Kumkabili mwanafunzi Myahudi bwenini na kumtaka ajibie matendo ya serikali fulani, kabla hujajua hata jina lake la pili, ni dhuluma. Mwislamu yeyote aliyeishi Marekani baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 anaijua.

Ukialikwa chakula cha Ijumaa, nenda. Usibebe chakula ulichopika nyumbani hata kiwe kizuri namna gani, kwa sababu jiko lako si la kosheri. Peleka maua, na uyafikishe kabla jua halijazama. Simu iweke mfukoni. Wimbo utaimbwa, divai au maji ya zabibu yatabarikiwa, kisha watu watanawa mikono na kunyamaza ghafla. Hawajakasirika. Kati ya kunawa na kumega mkate hawazungumzi, na mkate ukishagawanywa kelele zitarudi na utaulizwa unatoka wapi.