Ringi nyepesi ya darubini ya bunduki ni ipi hasa?

Msimu wa uwindaji unapokaribia, wageni wakianza kutua Dar es Salaam na masanduku yao ya bunduki kabla ya kuelekea Selous au Rungwa, kuna kauli mbili kuhusu ringi ambazo watu wa kazi hii ya kuuza na kufunga darubini za bunduki hawachoki kuzirudia. Moja inasema ringi nyepesi ni za bunduki ya upepo, ukitaka kitu cha uhakika weka chuma. Ya pili wanaisema walioshiba matangazo: tafuta nyepesi kuliko zote, kila gramu ni mzigo. Nimezisikia zote mbili mara nyingi mno kuendelea kunyamaza, kwa sababu zote zinapotosha, na anayezifuata anaweza kumpoteza mnyama aliyejeruhiwa porini.

Ringi ni kibanio cha vipande viwili kinacholishika bomba la darubini na kulifunga kwenye reli iliyo juu ya bunduki. Huwekwa mbili, ya mbele na ya nyuma. Ringi nyepesi ni ile iliyopunguziwa uzito bila kupunguziwa uwezo wa kushika. Kipimo chake ni kile cha bomba: 25.4 mm, 30 mm au 34 mm. Namba 40 au 50 iliyoandikwa kwenye darubini ni ya kioo cha mbele, haihusiki na tundu la ringi hata kidogo. Hilo watu wengi wanalijua, kwa hiyo nisilikalie.

Ninalotaka kulikalia ni huu uzito wenyewe. Tumezoea kupima ubora kwa mkono. Ukienda Kariakoo kununua koki ya bomba, unainyanyua. Ikiwa nzito unalipa, ikiwa nyepesi unairudisha mezani. Kwa koki si utaratibu mbaya. Kwa ringi, utaratibu huo unakudanganya. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu zipatazo 7.85, ya titani kama 4.4, ya alumini 2.7 au 2.8. Ringi mbili za umbo lile lile, moja ya chuma na nyingine ya alumini, zitapishana uzito karibu mara tatu, na hapo hujasema lolote kuhusu ipi itashika. Tena aloi ya zinki, ambayo humiminwa kwenye kalibu kutengeneza vitu vya bei rahisi, ina gramu zipatazo 6.6. Mkononi inajaa kama chuma, lakini chini ya nguvu za ghafla inapasuka.

Hata ndani ya alumini mkono hauoni kitu. Aina mbili za alumini, zinazoitwa kwa namba 6061 na 7075, zinapishana uzito kidogo sana, lakini 7075 iliyopikwa vizuri inastahimili karibu mara mbili ya nguvu kabla ya kujipinda na kubaki imepinda. Weka moja kiganja cha kulia na nyingine cha kushoto, ukiwa umefumba macho huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo anayesema "hii nyepesi, haina nguvu" na anayesema "hii nyepesi, ni bora" wote wanasoma jibu mahali lisipoandikwa.

Jibu liko kwenye mzigo. Bunduki inapopiga teke, inakwenda nyuma kwa kasi, na darubini haitaki kwenda. Ni ringi ndizo zinazoiburuta. Chukua bunduki ya .375 H&H, kaliba (yaani aina ya risasi) ya mwaka 1912 ambayo wawindaji wa nyati bado wanaitegemea, yenye kilo 4.2 pamoja na darubini. Kwa hesabu ya haraka, risasi ya kawaida ya gramu 19.4 inairudisha nyuma kwa kama mita 5 kwa sekunde, na kasi hiyo inapatikana ndani ya takriban sehemu mbili za elfu za sekunde. Darubini ya gramu 500 wakati huo inavuta kuelekea mbele kwa nguvu ya zaidi ya kilo 120, yaani kama mifuko miwili na nusu ya saruji, na inafanya hivyo kila unapopiga. Mzigo huo hautoki kwenye uzito wa ringi. Unatoka kwenye uzito wa darubini na kasi ya bunduki.

Hapo ndipo watu wa "kila gramu ni mzigo" wanapopotea njia. Wanachukua bunduki nyepesi, tuseme ya .30-06 yenye kilo 2.7 kwa jumla, wanaipandishia darubini kubwa ya gramu 800 kwa sababu wameipenda, kisha wanatafuta ringi nyembamba kuliko zote ili kufidia. Kumbe bunduki nyepesi hurudi nyuma kwa kasi zaidi kuliko nzito ya kaliba ile ile. Hiyo .30-06 ya kilo 2.7 inarudi kwa kasi inayokaribiana na .375 niliyoitaja juu. Ukipunguza uzito wa bunduki unaziongezea ringi kazi. Ukiongeza na uzito wa darubini unaziongezea tena. Halafu ndizo unazotaka kuzikondesha! Anayetaka wepesi aanze na darubini. Kutoka gramu 800 hadi 400 ni akiba ya gramu 400, na mzigo wa ringi unapungua karibu nusu. Ukibadili ringi za chuma kwa za alumini utaokoa gramu mia moja na kitu.

Lakini na watu wa chuma nao wasishangilie. Uzito wa ringi haukai bure. Nao unaburutwa na skrubu zinazofunga reli kwenye mwili wa bunduki, na skrubu hizo kwa bunduki nyingi zina kipenyo cha 3.5 mm tu. Ringi nzito ya chuma ni mzigo wa ziada juu ya skrubu ndogo. Ringi ya alumini nzuri, pana, yenye skrubu nne juu, inalikumbatia bomba kwa eneo kubwa kuliko ya chuma iliyo nyembamba, na kinachoizuia darubini isiteleze ni msuguano wa kukumbatiwa huko.

Kuna na kimo, ambacho nadra nisikie mtu anakiuliza. Ringi ndefu ina uzito zaidi, na inaiweka darubini mbali na reli, kwa hiyo kila teke linaipindua ringi kwa nguvu zaidi. Ringi fupi inayoacha nafasi ndogo tu kati ya kioo cha mbele na mtutu, na kuuacha mkono wa kukoki upite bila kugusa darubini, inakupa wepesi na uimara kwa pamoja. Shavu nalo linakaa sawasawa kwenye kitako. Mtu anayelipia titani huku ringi zake zina kimo cha kupitisha vidole viwili chini ya darubini ameanzia upande usio wenyewe.

Kukaza pia. Bomba la darubini lenyewe ni alumini nyembamba, na skrubu za juu za ringi kwa kawaida huhitaji kama Nm 2 tu (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), kadiri mtengenezaji alivyoandika. Fundi aliyezoea nati za gari akitaiti alenkii mpaka ilie, bomba linabonyea na mitambo ya ndani inakwama. Kaza kwa kupokezana, skrubu hii kisha ya mshazari wake, mpaka ufa wa kushoto na wa kulia kati ya vipande viwili uwe sawa. Halafu chora kistari chembamba cha rangi ya kucha kutoka kwenye ringi hadi kwenye bomba. Piga risasi za majaribio, kisha tazama kistari kwa karibu. Kikikatika, upande wa bomba ukisogea mbele hata kidogo, ringi haishiki, iwe ya chuma au ya alumini. Na usidharau kidogo hicho. Kama ringi ziko umbali wa milimita 100 na moja ikaachia darubini ishuke sehemu ya kumi ya milimita, risasi itapotoka sentimita 10 kwa mita 100.

Sisi wa pwani tuna sababu nyingine ya kutoidharau alumini. Hewa ya chumvi ya Msasani au Kigamboni inaianzishia kutu ringi ya chuma ndani ya kabati, hasa miezi ya masika, wakati alumini iliyotiwa utando wa kinga inakaa salama. Skrubu zake bado ni za chuma, na chuma kikikutana na alumini na chumvi hapo hapo kutu hupata pa kuanzia, kwa hiyo zifungue na kuzifuta angalau kila msimu unapokwisha.

Basi, ndugu yangu, mteja akikuuliza kama ringi nyepesi zinafaa, usimjibu ndiyo wala hapana. Muulize darubini yake ina gramu ngapi, bunduki ina kilo ngapi na inapiga kaliba gani. Akisema uzito wa darubini haujui, mwambie aipime kwanza. Mizani ya jikoni inatosha.