Kura nyingi hazitoshi kumpeleka mtu Ikulu ya Marekani

Novemba 2000, Al Gore alimpita George W. Bush kwa zaidi ya kura 500,000 nchi nzima. Januari iliyofuata aliyeapishwa ni Bush. Wengi bado huuliza iliwezekanaje.

Mmarekani anapopiga kura ya urais, kisheria anachagua wajumbe wa jimbo lake, na hao ndio humchagua rais mwezi Desemba. Wajumbe wote ni 538. Anayefikisha 270 ameshinda. Kila jimbo hupata wajumbe kulingana na idadi ya wawakilishi wake bungeni, ukiongeza maseneta wawili ambao kila jimbo linao, liwe kubwa au dogo. Ndiyo maana Wyoming, yenye watu wasiofika 600,000, ina wajumbe 3, na California yenye takriban watu milioni 39 ina 54. Ukigawanya utaona kura ya mkazi wa Wyoming ina uzito zaidi.

Kwa maoni yangu, hilo husemwa kupita kiasi. Kinachopindua matokeo hasa ni utaratibu wa mshindi kuzoa wajumbe wote, unaofuatwa na majimbo yote isipokuwa Maine na Nebraska. Ushinde California kwa kura moja au kwa milioni nne, wajumbe ni wale wale. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa karibu kura milioni 2.9, lakini Trump alichukua Michigan, Pennsylvania na Wisconsin kwa tofauti ambazo hata ukizijumlisha hazifiki kura 80,000. Gore naye alikwama Florida: alizidiwa kwa kura 537 kati ya karibu milioni 6, na Mahakama ya Juu ikasimamisha kuhesabu upya. Bush akapata wajumbe 271.

Hivyo wagombea hupiga kambi kwenye majimbo machache yasiyotabirika, na California huenda zaidi kuchangisha fedha.

Hata anayeongoza kwa mbali hayuko salama. Mwaka 2020 Joe Biden alishinda akiwa mbele kwa kura milioni 7, ila Arizona, Georgia na Wisconsin alizipata kwa jumla ya kura zisizofika 45,000. Angezikosa zote tatu, matokeo yangekuwa 269 kwa 269, na uamuzi ungekwenda Baraza la Wawakilishi, ambako katika hali hiyo kila jimbo lina kura moja: Wyoming moja, California moja.