Mahame tunayoyakanyaga: dhana potofu kuhusu historia ya kwetu na namna inavyosomeshwa

Maji yalikuwa yamekupwa vizuri siku ile, tukavuka kwa miguu hadi Mtambwe Mkuu, mimi na wanafunzi wa kidato cha pili, viatu mkononi, sketi na suruali zimekunjwa. Kijana mmoja akainama, akaokota kigae cha chungu chenye mistari iliyochorwa kwa ncha ya kijiti kabla udongo haujachomwa. Akanionesha. "Maalim, hii si taka tu?"

Nikamwambia akirudishe pale pale alipokiokota, kwa sababu kigae kikishatiwa mfukoni hakisemi tena kilikuwa wapi. Kisha nikawakalisha kivulini nikawaeleza kwamba mwaka 1984, hapo hapo Mtambwe, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo ndogo, zimeandikwa kwa Kiarabu majina ya watawala wa mwambao huu. Ni za karne ya 11. Pamoja nazo palikuwa na dinari za dhahabu zilizotoka mbali. Darasa zima limezaliwa Pemba, wengine Wete, ng'ambo tu ya maji. Hakuna aliyewahi kusikia.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyaandika pembeni mwa daftari langu la maandalio yale maneno yanayojirudia kila mwaka, ya wanafunzi, ya wazazi na ya walimu wenzangu wakati wa chai.

"Kabla ya Sultani hapakuwa na kitu"

Hii ndiyo imekita mizizi kuliko zote, na mtoto hana kosa. Masomo mengi yanamrukisha hadi kwa Seyyid Said, Sultani wa Oman aliyehamia Zanzibar, na mikarafuu yake, kama kwamba watu wa visiwa hivi walikuwa wamelala wakimsubiri.

Anza na Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani. Watu walilitumia miaka 20,000 hivi iliyopita, zama ambazo kina cha bahari kilikuwa chini sana na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Humo ndani imepatikana mifupa ya pundamilia. Pundamilia, Jambiani! Mwanafunzi akisikia hilo hasinzii tena. (Pemba ilikuwa imeshajitenga zamani, kwa hiyo Wapemba tusidai pundamilia.) Ukija Unguja Ukuu unakuta mji uliokuwa ukifanya biashara na Ghuba ya Uajemi na nchi za mbali zaidi tangu karne ya 7 hivi. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, aliitaja Tumbatu katika kamusi yake ya nchi. Tena hata baada ya Seyyid Said kuhamia hapa, Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja, alibaki Dunga na ngoma zake na siwa yake, ile baragumu ya utawala, na watu wake wakimtii.

Kuyasema haya si kumwondoa Mwarabu, Mshirazi wala Mhindi katika hadithi. Wamo wote. Ila walipofika walikuta watu, na watu hao walikuwa na miji.

"Ngome Kongwe ni ya Mreno"

La. Ngome hii ya Mji Mkongwe, Unguja, ilijengwa na Waomani baada ya Mreno kutolewa mwishoni mwa karne ya 17. Kilichokuwa cha Mreno pale ni kanisa dogo, na mabaki yake yaliingizwa ndani ya ngome.

Na karafuu, kwa kuwa tumo katika kurekebisha: si mti wa asili yetu. Kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, na hapa uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19. Kilichoipa Pemba jina la kisiwa cha karafuu ni kimbunga cha Aprili 1872, kilichoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kutupitia sisi kwa mbali.

"Utumwa ulikwisha 1873, na mahandaki ya Mkunazini ndiyo ushahidi"

Hapa nataka kwenda polepole, maana ni sentensi moja yenye makosa mawili.

Kilichofungwa mwaka 1873, kwa mkataba ambao Sultani Barghash alitiwa shinikizo na Waingereza kuutia saini, ni soko na biashara ya kusafirisha watumwa kwa bahari. Utumwa wenyewe uliendelea kutambulika kisheria hadi Aprili 1897. Hata hapo mtumwa hakuamka asubuhi akajikuta huru, ilimbidi aende mwenyewe kudai uhuru wake, na bwana wake akafidiwa. Masuria waliachwa nje ya amri ile, na mlango wao ulifunguliwa mwaka 1909. Mwanafunzi anayejua 1873 peke yake amebakiza miaka 36 ya maisha ya watu.

Ama yale mahandaki ya Mkunazini, Mji Mkongwe, vyumba vya chini ambavyo wageni huingizwa wameinama, jengo lililo juu yake liliwekwa na misheni ya Kianglikana baada ya soko kufungwa, likawa hospitali. Ndiyo maana wanahistoria wamekuwa wakiitilia shaka ile hadithi kwamba humo ndimo watumwa walimolazwa kabla ya mnada. Nilipolisema hili darasani mara ya kwanza, binti mmoja aliinua mkono karibu kwa hasira: "Kwa hiyo ni uongo, Maalim? Utumwa haukuwepo?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Soko lilikuwepo, na Kanisa la Kristo limesimama juu ya kiwanja chake. Maelfu kwa maelfu ya watu waliuzwa mji huu, na mashamba ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa. Tukiuegemeza ukweli mzito kiasi hicho kwenye chumba kimoja chenye shaka, siku chumba kikihojiwa mtu atadhani kila kitu kimeanguka. Heri kumfundisha mtoto kuuliza jengo hili ni la mwaka gani, nani alilijenga, na nani anatuambia.

"Hadithi za wazee si historia"

Na kuna wenzao wanaosema kinyume: mzee akisema, imekwisha. Wote wawili nawapeleka Pujini, penye magofu ya ngome hapa Pemba.

Kila mtoto wa Pemba amesikia habari za Mkama Ndume, mtawala mkali aliyewabebesha watu mawe ya kujengea ngome huku wakijikokota kwa makalio. Ameambiwa pia habari ya kisima kilichokatwa kati kwa ukuta, wake zake wawili wasikutane, mmoja akishuka kwa ngazi, mwenziwe akiteka kwa kamba. Ukifika Pujini ngome ipo na kisima kipo. Uchimbaji umeonesha kuwa ni mahali pa karne ya 15 hivi, kabla Mreno hajaonekana mwambao huu, kwa hiyo na wale wanaosema ni kazi ya Mreno nao wamekosea. Makalio siwezi kuyathibitisha. Lakini hadithi ile inabeba kitu ambacho jiwe haliwezi kukisema: namna watu walivyomkumbuka aliyewatawala. Sijui kwa nini tunataka mtoto achague kimoja.

"Hakuna fedha, na haimo kwenye mtihani"

Nusu ya malalamiko haya nayakubali. Gari la kuwachukua wanafunzi kutoka Micheweni hadi Pujini lina gharama, na mwalimu aliyebanwa na mitihani ya taifa hafuati njia ndefu. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Mji Mkongwe, lililojengwa 1883 na baadaye likawa makumbusho, sehemu yake iliporomoka Disemba 25, 2020 na watu wawili wakafariki. Kuhifadhi kunagharimu, na kutohifadhi pia.

Ila kazi kubwa ya historia ya mahali inataka daftari, kalamu na ruhusa ya sheha. Wape watoto wa mjini majina ya mitaa. Kwa nini panaitwa Darajani na hakuna daraja? Kwa sababu palikuwa na mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu wakivuka kwa daraja kabla haujafukiwa. Mkunazini palikuwa na mti gani? Kikwajuni je? Hilo ni somo la wiki mbili bila senti. Halafu kuna Nyaraka, hifadhi ya kumbukumbu za Zanzibar pale Kilimani, Unguja, ambako wengi wanadhani ni mahali pa watafiti wa kigeni peke yao.

"Ya karibuni ni siasa, yasiguswe"

Kwa hofu hii watoto hawajui kwamba mwaka 1948 wachukuzi wa bandarini waligoma na mji ukasimama. Hawajui Vita vya Ng'ombe vya 1951, wakulima wa Kiembe Samaki walipokataa ng'ombe wao wachanjwe kwa lazima, huku nyuma yake pakiwa na uchungu wa ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Ya Mapinduzi ya Januari 1964 ndiyo mazito zaidi, na kila nyumba inayakumbuka kwa namna yake. Naelewa mwalimu anayeogopa. Mimi huwaambia wanafunzi waandike safu tatu: lililomo kwenye waraka, alilolishuhudia mtu kwa macho yake, na alilolisikia. Hatuhukumu nyumba ya mtu. Tunajaza safu.

Kazi ya mwisho niliyowapa muhula uliopita ilikuwa hiyo hiyo, kila mmoja kwa bibi au babu yake. Binti mmoja alirudi na kurasa nne kuhusu msimu wa karafuu wa zamani, zimechafuka kwa mistari ya kukata na kurekebisha. Nikamuuliza kulikoni. Akasema bibi yake, asiyejua kusoma, alimtaka amsomee yote kwa sauti kabla hajaondoka, na kila palipokosewa akamsimamisha. "Hapo umeandika Wete, mjukuu wangu. Mimi nimesema Weni."