Kabla ya Kuiamini Lakabu ya Mfalme, Uliza Ilizaliwa Lini

Lakabu ya mfalme ina umri wake, na mara nyingi umri huo haulingani na wa mfalme mwenyewe. Hilo ndilo tunalojaribu kulieleza kila tunapoulizwa kuhusu kina Ivan wa Kutisha wa Urusi, Mary wa Damu na Richard Moyo wa Simba wa Uingereza. Wanafunzi hutaka kujua kama kweli Ivan alitisha. Ni swali la haki, ila lipo jingine linalopaswa kulitangulia: nani alimbandika jina hilo, lini, na alikuwa na haja gani nalo?

Mfano ninaoupenda ni wa Basil II, aliyetawala Milki ya Bizanti, yaani Roma ya Mashariki, kuanzia mwaka 976 hadi 1025. Vitabu humtaja kama Mchinja Wabulgaria, na kisa chake ni maarufu. Baada ya vita vya Kleidion mwaka 1014, inasimuliwa kwamba aliamuru maelfu ya mateka wa Kibulgaria watobolewe macho, na katika kila mia akaachwa mmoja mwenye jicho moja ili awaongoze wenzake kurudi kwa mfalme wao, Samuel. Ukikisoma kisa hicho utadhani lakabu ilizuka palepale, damu haijakauka. Sivyo. Shairi la kaburini mwake linajigamba kwamba hakuna aliyewahi kuuona mkuki wake umetulia, lakini katika maadui linaowaorodhesha jina la Wabulgaria halimo. Lakabu inaanza kushika mwishoni mwa karne ya 12, zaidi ya miaka mia moja na hamsini baada ya kufa kwake. Kwa nini wakati huo? Kwa sababu mwaka 1185 Wabulgaria waliasi, na watawala wa Constantinople, mji mkuu wa Bizanti, wakahitaji babu wa kumtolea mfano. Basil akatolewa kaburini, akapewa kazi mpya.

Wengine yamewakuta hayohayo. Æthelred wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1016 baada ya kushindwa kuwazuia Wadenmark, anakejeliwa kuwa mfalme asiye na shauri, kwa kuwa jina lake lilimaanisha shauri jema. Kejeli hiyo tunaikuta kwenye maandishi ya miaka ya 1180. Kaisari Charles Mnene alifariki mwaka 888, na unene wake unaanza kutajwa katika karne ya 12. Kuna pia Harald wa Denmark, aliyefariki miaka ya 980, ambaye watu wengi wanamtumia kila siku bila kumjua. Lakabu yake ya Jino la Buluu inatokea kwanza katika maandishi ya takriban mwaka 1140. Mwaka 1997 wahandisi waliokuwa wakitafuta jina la muda la teknolojia ya kuunganisha simu na kompyuta bila waya wakaichukua, kwa kuwa Harald alisifika kwa kuunganisha watu, na ile alama ya Bluetooth kwenye simu yako ni herufi mbili za kale za Kinordiki, H na B, zilizobebana. Jiwe la Jelling, ambalo Harald mwenyewe aliagiza lichongwe, linasema alijitwalia Denmark yote na Norwei na kuwafanya Wadenmark Wakristo. Kuhusu meno, kimya.

Ukishajua lakabu ilizaliwa lini, muulize aliyeshika kalamu. Kaisari Constantine V wa Bizanti, aliyetawala kuanzia 741 hadi 775, alipinga heshima iliyotolewa kwa picha takatifu. Watawa waliozitetea picha hizo hawakumsamehe. Walimwita Kopronymos, jina lenye harufu ya kinyesi, wakaeneza kwamba alipokuwa mchanga aliyachafua maji ya ubatizo wake. Mtoto gani mchanga asingeweza? Lakini kwao ilikuwa ishara ya uzushi uliokuwa unakuja. Askari walimkumbuka vingine kabisa, maana aliwashinda Wabulgaria mara nyingi. Mwaka 813, adui alipokaribia mji mkuu, askari waliingia kwa nguvu kwenye kaburi lake wakamsihi afufuke aje kuliokoa taifa. Watawa ndio walioandika historia, kwa hiyo kilichodumu ni kinyesi.

Dharau ya ukoo nayo imezaa lakabu nyingi. Michael V, aliyekaa kwenye kiti cha Bizanti miezi michache tu kati ya 1041 na 1042, aliitwa Kalaphates kwa sababu baba yake aliwahi kuwa fundi wa kukalafati meli. Ivaylo, kiongozi wa wakulima aliyejitwalia taji la Bulgaria mwaka 1278, waandishi wa Kigiriki walimwita Kabichi. Naye William, Duke wa Normandy, alizaliwa nje ya ndoa, na upande wa mama yake ulihusishwa na kazi ya kutengeneza ngozi. Inasimuliwa kwamba alipouzingira mji wa Alençon, wenyeji walining'iniza ngozi ukutani wakazipigapiga kumsuta. Mji ulipoanguka, William aliwakata waliomsuta mikono na miguu. Huyu ndiye tunayemwita leo William Mshindi. Kwa wengi wa wakati wake alikuwa William Mwanaharamu, na ilimlazimu kuishinda Uingereza, mwaka 1066, ndipo apate jina jingine.

Mary I wa Uingereza, yule Mary wa Damu, hakupata nafasi ya kubadilisha lake. Katika utawala wake wa miaka mitano, 1553 hadi 1558, Waprotestanti wapatao 280 walichomwa moto kwa kosa la uzushi. Hilo halina utetezi. Lakini baba yake, Henry VIII, alikata vichwa vya wake zake wawili na mawaziri wake, akawaua watawa kadhaa, akawachoma moto pia wazushi wake, na hakuna anayemwita Henry wa Damu. Tofauti ni kwamba Mary alifariki bila mtoto, kiti kikaenda kwa dada yake Mprotestanti, Elizabeth, na mwaka 1563 mwandishi John Foxe akachapisha masimulizi marefu ya mashahidi hao wa imani, yenye michoro ya watu wakiungua. Vizazi vya Waingereza vilikua vikiitazama michoro hiyo.

Henry naye alikuwa na lakabu yake, na hii haikutoka kwa mwanazuoni wala padri. Kuanzia mwaka 1544, akihitaji fedha za vita dhidi ya Ufaransa na Uskoti, aliagiza sarafu zipunguzwe madini ya fedha na kuongezwa shaba. Ukiichukua shilingi ya miaka hiyo mkononi, utaona uso wa mfalme umekutazama moja kwa moja, si wa upande kama kwenye sarafu nyingi. Sehemu iliyoinuka kuliko zote ni pua. Sarafu ilipopita mikono mingi, ngozi nyembamba ya fedha ilianza kuchubuka hapo, na shaba nyekundu ikachungulia kwenye pua ya mfalme. Watu sokoni wakamwita Mzee Pua ya Shaba. Kwangu hii ni mojawapo ya lakabu za kweli kuliko zote: ilitoka kwa walioibiwa, wakati wanaibiwa, na ushahidi walikuwa nao mfukoni.

Zipo lakabu zilizoleta faida kubwa kwa watu fulani, na hapo msomaji anapaswa kuwa makini zaidi. Juana wa Castile, aliyezaliwa mwaka 1479, anajulikana Hispania hadi leo kama Juana Mwendawazimu. Mumewe, Philip Mzuri wa Sura, alifariki ghafla mjini Burgos mwaka 1506, na Juana alisafiri na jeneza lake kutoka mji hadi mji. Huzuni hiyo ndiyo iliyokuzwa ikawa kichaa. Lakini tazama hesabu ya madaraka. Juana alikuwa malkia halali wa Castile. Akiwa na akili timamu, baba yake Ferdinand hana haki ya kuitawala Castile. Akiwa mwendawazimu, anayo. Ferdinand alimfungia mjini Tordesillas mwaka 1509. Alipofariki, mtoto wa Juana, Charles, alikuja akatawala kwa hoja ileile na kumwacha mama yake alipokuwa. Juana alifia humo mwaka 1555, baada ya miaka 46. Huenda kweli aliumwa. Ila waliomwita mwendawazimu kwa sauti kubwa walikuwa wamekalia kiti chake.

Tukigeukia sifa, hesabu ni zilezile. "Mkuu" ni cheo ambacho wafalme wengi wamekitamani na wachache wamedumu nacho. Peter wa Urusi alikipata rasmi mwaka 1721, akiwa hai, kwa azimio la Seneti yake baada ya kuishinda Sweden, na kikamganda. Halmashauri ya jiji la Paris ilimpa Louis XIV cheo hichohicho mwaka 1680, kikachorwa hadi kwenye medali. Alipofariki mwaka 1715 kilififia. Dunia inamjua kama Mfalme wa Jua, kwa nembo aliyoichagua mwenyewe. Catherine II wa Urusi alikuwa mjanja kuliko wote. Wajumbe walipomtunukia ukuu mwaka 1767 aliukataa, akasema uamuzi huo ni wa vizazi vijavyo. Vizazi vikamwita Catherine Mkuu.

Mapenzi ya watu ndiyo huchacha upesi. Louis XV aliitwa Mpendwa mwaka 1744, alipougua sana huko Metz na Ufaransa nzima ikamwombea. Alipofariki kwa ndui mwaka 1774 alisafirishwa usiku kwenda kuzikwa, kwa haraka. Ferdinand VII wa Hispania alikuwa Mtarajiwa wakati Napoleon amemshikilia na wananchi wanamwaga damu kwa jina lake. Akarejea mwaka 1814, akaifuta katiba waliyoiandika akiwa hayupo, na kuwatia ndani walioiandika. Wapinzani wake wakampa lakabu ya pili: Mfalme Msaliti.

Lakabu zinazotokana na mwili ni rahisi kuhakiki, ukibahatika kuupata mwili wenyewe. Timur, aliyejenga himaya kubwa kutokea Samarkand, maadui zake walimwita Timur Kiwete. Juni 1941 wataalamu wa Kisovieti, akiwamo Mikhail Gerasimov, walilifungua kaburi lake wakakuta mifupa ya mtu aliyeumia mguu wa kulia na mkono wa kulia. Maadui walisema kweli. Mmoja wao alikuwa Sultani Bayezid I wa Milki ya Osmani, ambaye kwa kasi yake vitani aliitwa Radi. Julai 1402, karibu na Ankara, Kiwete alimkamata Radi, na Radi akafia utekani. Richard III wa Uingereza naye, aliyesemwa kuwa na kibyongo na mkono uliopooza, mifupa yake ilipatikana mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kuelekea upande. Mikono ilikuwa mizima.

Kwa mifano hii msomaji asije akadhani mtawala siku zote alingoja kupewa jina. Sehemu nyingi za Afrika alijipa mwenyewe, au alilipata vitani akalitembeza kwa fahari. Mtyela Kasanda wa Unyamwezi alijulikana kama Mirambo, maana yake maiti nyingi, na jirani yake wa Ukimbu akaitwa Nyungu ya Mawe, chungu cha jiwe kisichovunjika. Wote wawili walifariki mwaka 1884. Mwanzilishi wa taifa la Wasotho alizaliwa akiitwa Lepoqo. Baada ya kumpora chifu Ramonaheng ng'ombe wake alijisifu kuwa ni wembe ulionyoa ndevu za adui, na Moshoeshoe, jina lake jipya, linaiga mlio wa wembe huo. Makabaila wa Ethiopia walijulikana kwa farasi wao wa vita: Tewodros II alikuwa Abba Tatek, Menelik II Abba Dagnew, yaani baba au mwenye farasi huyo. Farasi wa Ras Makonnen, baba yake Haile Selassie, aliitwa Kagnew, naye alikwenda mbali zaidi: kikosi cha Ethiopia kilichopelekwa Korea mwaka 1951 kilibeba jina lake. Menelik alikuwa na la pili, la mapenzi, kutoka kwa raia wake. Mshindi huyo wa vita vya Adwa walimwita Emiye, mama.

Jambo la mwisho ni lakabu zinazogeuka kuwa jina la ukoo, kwa sababu moja ya hizo ilifika mahakamani. Hugh, aliyetawazwa mfalme wa Ufaransa mwaka 987, alibandikwa jina la Capet kutokana na joho. Zaidi ya miaka mia nane baadaye, Desemba 1792, wanamapinduzi walimshtaki Louis XVI. Cheo cha mfalme kilikuwa kimefutwa, mshtakiwa alipaswa kuwa na jina kama raia yeyote, wakamwandika Louis Capet. Alipinga. Alisema hilo si jina lake, ni la babu zake, na yeye hajawahi kuitwa hivyo. Kesi iliendelea kwa jina hilohilo. Binamu yake, Duke wa Orléans, alikuwa ameshajihami: miezi mitatu nyuma alikubali kuitwa Philippe Usawa, na kwa jina hilo akapiga kura Louis auawe. Louis alikatwa kichwa tarehe 21 Januari 1793. Philippe Usawa alimfuata Novemba ya mwaka uleule, kwa mashine ileile ya kukata vichwa.