Bugando: Hospitali ya Kanisa, Mishahara ya Serikali

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, kusikia "amepelekwa Bugando" kunatosha kujua kuwa ugonjwa umekuwa mzito. Hata hivyo, ndugu wa mgonjwa bado huulizana kwenye foleni ya mapokezi: hii ni ya serikali au ya misheni?

Ni ya Kanisa Katoliki, lililoijenga juu ya kilima cha Bugando jijini Mwanza na kuifungua mwaka 1971. Mwaka 1972 serikali iliitaifisha. Ilirudishwa kwa Baraza la Maaskofu mwaka 1985, ila si kama ilivyochukuliwa: Kanisa likabaki mmiliki na msimamizi, serikali ikalipa mishahara ya watumishi, nayo ikaendelea kuwa hospitali ya rufaa ya kanda. Kwa hiyo anayetegemea kutibiwa bure kwa sababu ni ya kanisa atashangaa dirishani. Uchangiaji na bima vipo. Tangu 2003 kuna chuo cha tiba hapohapo, ndiyo maana kitanda kimoja huzungukwa na makoti meupe sita. Uliza tu nani daktari wako.

Ukubwa huo una kasoro yake: watu huruka zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, wakaja na malaria ambayo ingetibiwa karibu na nyumbani. Ajali na dharura ni jambo jingine. Kwa mengine, njoo na barua ya rufaa, tena iliyojazwa sawasawa.

Barua nyingi huandika "kifafa cha mimba, apewe huduma zaidi" basi. Mama huyo pengine ameshapewa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye makalio, 5 kila upande. Saa isipoandikwa, anayempokea yuko njia panda: akirudia dozi kubwa, pumzi ya mama inaweza kufifia, akisubiri kupita kiasi, degedege linarudi. Dozi inayofuata, gramu 5 kwenye msuli, huhesabiwa saa 4 tangu ile ya kwanza, baada ya kupima pumzi, mkojo na mshtuko wa goti (kama mguu unaruka goti likigongwa).

Kabla gari halijaondoka, ndugu asome barua: dawa, kiasi, saa, kundi la damu kama limepimwa. Picha za eksirei zisikunjwe, na wawili walio tayari kuchangia damu wapande gari hilohilo.